Ukurasa wa Deliver wa DaVinci Resolve: nyota nne, na ya tano ilikopotelea

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: sehemu ya kurenda (kuitoa video iliyokamilika iwe faili) ya DaVinci Resolve ni bora kuliko ya programu yoyote ya bure niliyowahi kuhariria video, na ni hapohapo kazi ya wiki nzima inapoweza kuharibika kwa tiki moja iliyosahauliwa. Nimeipa nyota nne. Nazungumzia ukurasa wa Deliver peke yake, si programu nzima. Kuhusu kukata na kupaka rangi wengine wameshasema hadi sauti zikawakauka. Kwenye kurenda watu hufika wamechoka, wanabonyeza kitu cha kwanza kinachong'aa, wanaenda kulala.

Mimi nahariri zaidi mihadhara na mahojiano, na mara mojamoja filamu fupi za wanafunzi. Natumia kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya daraja la kati. Nalisema hili mapema kwa sababu mapitio mengi ya programu hizi huandikwa na watu wenye mitambo inayoweza kurenda chochote kwa mpangilio wowote, na ushauri wao haunifikishi popote.

Resolve ilianza kama mtambo wa kurekebisha rangi za filamu. Blackmagic Design waliinunua kampuni ya DaVinci Systems mwaka 2009, na mwaka 2011 likatoka toleo la bure. Ukilijua hilo, ukurasa huu unaeleweka. Ndiyo maana kwenye orodha ya aina za faili MP4 imekaa bega kwa bega na DPX, EXR na MXF, vitu vya sinema na vituo vya televisheni. Aliyekuja na mahojiano ya dakika kumi ya kupeleka YouTube anajikuta amesimama kwenye karakana ya mafundi wakubwa: hafukuzwi, ila hakuna anayemwonyesha vifaa vilipo.

Juu kushoto kuna mipangilio iliyoandaliwa: H.264 Master, H.265 Master, YouTube, Vimeo, TikTok na mingine. Ya kwanza kabisa inaitwa Custom Export, na mimi huanzia hapo. Ile iliyoandaliwa si mibaya, lakini inakujibia maswali ambayo hujaulizwa. Ukishapanga ya kwako unaihifadhi kwa jina lako mwenyewe. Zangu zinaitwa "mhadhara", "mahojiano" na "ghala", na tangu nizihifadhi sijaanza kupanga upya kila kazi.

Sasa kwenye kiini. Chini ya Quality kuna njia mbili: Automatic, au Restrict to ikifuatiwa na kisanduku cha kuandika namba. Wengi huacha Automatic kwa kuwa jina lake linatia moyo, halafu wanashangaa faili la dakika tano limekuwa zito kama la saa nzima. Automatic inaangalia ubora tu. Haijui kuwa unapakia kwa bando, wala kuwa mteja wako ana simu iliyobakiwa na nafasi kidogo. Kwa kazi ya kutuma kwa watu naandika namba mwenyewe.

Namba hiyo ndiyo bitireti, kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video. Izidishe kwa sekunde za video yako, gawanya kwa nane, umepata ukubwa wa faili. Megabiti 8 kwa sekunde, kwa dakika 10, ni megabiti 4,800, yaani MB 600 hivi ukiiweka sauti pembeni. Hesabu hiyo inafanyika kichwani kabla hujagusa kitufe. Angalizo: kisanduku cha Resolve kinahesabu kwa kilobiti, kwa hiyo megabiti 8 unaiandika 8000. Ukiandika 8 utapata miraba inayocheza ngoma.

YouTube wenyewe wametoa mwongozo kwa wanaopakia. Video ya 1080p yenye fremu (picha mojamoja) 24 hadi 30 kwa sekunde wanapendekeza megabiti 8. Ikiwa na fremu 60, megabiti 12. Ya 1440p ni 16 na 24. Ya 4K ni 35 hadi 45 kwa fremu za kawaida, na 53 hadi 68 kwa fremu nyingi. Namba hizo nazichukulia kama sakafu, si dari. Chochote utakachopakia kule kinabanwa upya, na ukipeleka kilichokwisha kubanwa hadi mfupa, kinachobanwa mara ya pili ni mfupa. Filamu za wanafunzi za 1080p nazirenda kwa 16000 hadi 20000, na muda wa ziada wa kupakia nauvumilia.

Mhadhara ni kisa kingine. Msemaji mmoja, ukuta nyuma yake, kamera imetulia kwenye stendi: 8000 inatosha, na hata chini ya hapo macho hayalalamiki. Sababu iko kwenye namna H.264, njia ya kubana video, inavyofanya kazi. Haihifadhi kila fremu nzimanzima. Inahifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika hasa yaliyobadilika. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo hauna gharama. Majani yanayotikiswa na upepo, mvua, maji ya mto yenye mwanga wa jua, umati unaoruka, hivyo vinabadilika kila mahali kwa wakati mmoja, na hapo bitireti ndogo inaumbuka. Anayekwambia "weka elfu kumi kwa kila kitu" hajawahi kurenda mvua.

Kuhusu kodeki, yaani njia hizo za kubana video, sina mengi. H.264 ilitoka 2003 na inafunguka karibu kwenye kifaa chochote. H.265 ya 2013 inaweza kutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya bitireti, lakini kompyuta kuukuu inaichezesha kwa kukwamakwama. Anayepokea simjui, namtumia H.264. Kinachobaki kwangu ni H.265.

Kwenye Encoder unachagua nani abebe mzigo wa kubana: Native, ambayo kwa kawaida ni prosesa ya kompyuta, au saketi maalumu iliyo ndani ya kadi ya michoro kama kompyuta yako na toleo lako la programu vinaruhusu. Kadi inakimbia sana. Kwenye bitireti ya juu siioni tofauti, ila kwenye bitireti ndogo, hasa sehemu zenye giza na moshi, prosesa ikiachiwa kazi polepole mara nyingi hutoa picha safi zaidi. Ukichagua NVIDIA ukurasa unabadilika, zinaongezeka chaguo za kudhibiti bitireti na kupita mara mbili. Network Optimization naiwekea tiki kwa faili za mtandaoni, ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Frame Reordering na Key Frames ziache zilivyo.

Idadi ya fremu kwa sekunde utaikuta hapo pia, na utadhani ndipo inapoamuliwa. La hasha. Iliamuliwa siku ulipoburuta klipu ya kwanza kwenye taimlaini, ule mstari unaopangia vipande vya video. Taimlaini ikishakuwa na klipu, Resolve inafunga namba hiyo, na ukitaka nyingine unatengeneza taimlaini mpya yenye mipangilio yake na kunakili kazi humo. Waliozoea programu nyingine hukasirika. Mimi nauunga mkono ukali huu, kwani kugeuza fremu 25 kuwa 30 wakati wa kurenda ni kulazimisha fremu zirudiwe au zibuniwe, na kamera inapozunguka utaona picha inagugumia. Ila ukurasa ungepaswa kusema hivyo kwa sentensi moja, badala ya kukuonyesha namba iliyokaa tu kama imechongwa.

Hapohapo kuna mtego wa simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, mara 29 na ushei, mara 30, mara chini yake kidogo mwanga unapopungua. Programu za kuhariri hutaka kasi moja thabiti. Matokeo yake ni sauti kuachana na midomo kidogokidogo kadiri video inavyosonga, na hakuna mpangilio wa kurenda utakaolitibu hilo. Dawa ni kulipitisha faili la simu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, kuchagua kasi isiyobadilika, ndipo uanze kuhariri.

Nyota ya tano imepotelea kwenye Advanced Settings. Ni droo iliyofungwa, ukurasa haukusukumi kuifungua, na ndani yake ndimo yamo mambo yanayoamua kazi itatokaje. Ukurasa unakuuliza waziwazi jina la faili na mahali pa kulihifadhi, maswali ambayo hata mtoto angejibu, halafu yanayohitaji akili unayafuata mwenyewe sirini.

Chukua Use Proxy Media. Mwenye kompyuta kama yangu hawezi kuhariri 4K bila proksi, zile nakala ndogo nyepesi. Ni msaada mkubwa wakati wa kukata. Lakini tiki hiyo ikiwepo kwenye kurenda, programu inachukua zilezile nakala nyepesi na kukupa faili lenye vipimo vya 4K na picha ya kiwango cha proksi. Kwenye skrini ndogo hutagundua. Kwenye projekta kila mtu atagundua. Mahali pake ni onyo jekundu katikati ya ukurasa, si tiki ndogo chini kabisa.

Use Render Cached Images ina mantiki hiyohiyo. Kama ulikuwa umeweka vichujio vizito na programu ikawa imeshaandaa picha zake za akiba, tiki hii inazitumia badala ya kuanza upya, na muda unapungua sana. Sharti ni kwamba akiba iwe imehifadhiwa kwa kodeki nzuri kwenye mipangilio ya mradi. Ikiwa ulichagua nyepesi ili kuokoa diski, unarenda kutoka kwenye nakala dhaifu. Mimi naitumia kwa rasimu za kumwonyesha mteja. Kwa faili la mwisho naiondoa na kusubiri.

Data Levels iache kwenye Auto, na hapa kwa mara moja naisifu otomatiki. Video za kawaida za biti 8 huandika weusi kwa 16 na weupe kwa 235. Picha za kompyuta hutumia 0 hadi 255. Ukilazimisha Full kwenye faili ambalo kicheza-video kinalisoma kama la kawaida, nywele nyeusi na koti jeusi vinaungana kuwa doa moja. Ukikosea upande wa pili, picha inakuwa kama imepakwa vumbi. Wapo wanaokwambia Full ni bora kwa sababu ni "kamili". Usiwasikilize.

Kwa wenye Mac kuna habari ya gama, yaani namna mwangaza wa picha unavyopangwa kutoka giza hadi weupe. Picha iliyokuwa imekolea ndani ya programu inaonekana imefifia kwenye QuickTime Player, na watu wanaongeza rangi, wanarenda tena, wanaongeza tena. Rangi haikupotea. Kilichotokea ni kwamba mfumo unaisoma lebo ya gama kwa tafsiri yake, na ndiyo sababu Resolve imeweka chaguo la Rec.709-A. Kabla ya kugusa rangi yoyote, lifungue faili hilohilo kwenye kifaa kingine.

Manukuu yana kisanduku chao, Export Subtitle, na kuyaona kwenye skrini ya kuhariri si hakikisho kwamba yatatoka. Lazima uweke tiki na uchague: yachomwe kwenye picha, yaingizwe ndani ya faili, au yatoke kama faili la pembeni. Kwa YouTube natoa faili la pembeni ili mtazamaji ayawashe akitaka. Kwa video zitakazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nayachoma, maana huko hakuna atakayeyawasha. Na nikiwa hapo, wanaolalamika kuwa WhatsApp inaharibu video waitume kama waraka badala ya kuichagua kama video; faili linafika lilivyotoka.

Sauti naipita haraka: AAC, 48 kHz, stereo. YouTube wanapendekeza kilobiti 384 kwa sekunde na sioni sababu ya kubishana. Mwenzangu tunayegawana naye kazi, ambaye ni mtu wa sauti hasa, ananikumbusha jambo moja kila mara: YouTube huteremsha sauti inayozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti isikikavyo), lakini iliyo chini ya hapo haipandishi. Kwa hiyo mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya kunong'ona utabaki wa kunong'ona, na mtazamaji akitoka kwenye video nyingine atadhani spika zake zimekufa. Sawazisha kabla ya kufika Deliver.

Baada ya kulalamika kote huko, niseme kinachonifanya nisihame. Upande wa kulia kuna foleni. Ukishapanga unabonyeza Add to Render Queue, na kazi inajipanga pale bila kuanza. Unabadilisha vipimo, unaongeza nyingine. Unaweka toleo la wima la simu, la 1080p la YouTube, la sauti peke yake kwa wanaopenda kusikiliza, kisha Render All, na kompyuta inazimaliza moja baada ya nyingine. Kila kazi inabaki kwenye orodha na mipangilio yake, kwa hiyo mteja akirudi kuomba jina lisahihishwe, unasahihisha na kuirusha tena bila kukumbuka uliweka nini. Mwenye kutoa aina tatu za faili kutoka kwenye taimlaini moja atajua thamani ya hili.

Angalia tu neno lililo juu ya taimlaini kabla ya kuongeza kazi: Entire Timeline au In/Out Range. Ukiwa uliweka alama za mwanzo na mwisho ili urudierudie sekunde chache wakati wa kukata, programu itaziheshimu na kukurendea sekunde hizo tu. Mimi natumia uheshimu huo kwa faida: nachagua sekunde kama kumi zenye fujo zaidi, mvua au umati, narenda hizo kwanza, naangalia picha na ukubwa wa faili, ndipo naachia yote.

Upungufu wa foleni ni kwamba inapokimbia huwezi kuendelea kuhariri. Kdenlive, ambayo ni huria na bure, inarenda pembeni kama shughuli inayojitegemea huku wewe ukiendelea kukata. Kwa kompyuta yangu faida yenyewe si kubwa, kwani ikirenda haibaki na pumzi ya kingine, lakini mwenye mashine yenye nguvu ataliona pengo hilo. Toleo la bure la Resolve pia linaishia kwenye 3840 kwa 2160 na fremu 60 kwa sekunde. Sijawahi kuhitaji zaidi.

Kazi muhimu nazitoa mara mbili. Kwanza "ghala": kodeki ya DNxHR HQ ndani ya faili la QuickTime, bila kubana kwa ukali. Ni faili la kutisha, maana kwa 1080p ya fremu 30 ni megabiti 220 hivi kwa sekunde, kwa hiyo dakika 10 zinakula takriban GB 16.5. Linakaa kwenye diski ya nje. Kisha nalipeleka HandBrake na kutengeneza nakala za kugawa. HandBrake inakuruhusu kuchagua kiwango cha ubora badala ya bitireti, namba iitwayo RF. Ndogo ni bora, na kwa 1080p wanapendekeza 20 hadi 24. Nikiweka 21, ukuta wa mhadhara unapata kidogo, mvua inapata nyingi, kila sekunde kwa mahitaji yake. Kama Resolve ingekuwa na kitelezi cha namna hiyo pale juu, kwa kila aina ya kompyuta, ningeirudishia nusu ya nyota.

Faili likishatoka, lifungue kwenye VLC na uangalie taarifa za kodeki, au tumia MediaInfo: vipimo, fremu kwa sekunde, bitireti, muda. Halafu ruka moja kwa moja hadi dakika ya mwisho na umtazame mdomo msemaji. Kama sauti imeanza kuachana na picha, huko ndiko pengo linakuwa kubwa la kutosha kuonekana.